Fate/Zero: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu riwaya ya wachawi saba na Kikombe Kitakatifu

Ukurasa huu umekusudiwa msomaji anayetaka kuanza kusoma Fate/Zero, pamoja na yule aliyekwisha kuimaliza na bado anajiuliza maswali. Majibu ya mwanzo hayafichui mambo makubwa ya hadithi. Kuanzia swali linalohusu Kiritsugu Emiya, mwisho wa riwaya unajadiliwa waziwazi, kwa hiyo asiyetaka kuujua aishie hapo.

Fate/Zero ni kitabu cha aina gani?

Ni riwaya ya Kijapani iliyoandikwa na Gen Urobuchi na kupambwa kwa michoro ya Takashi Takeuchi. Ilitolewa na Type-Moon kwa kushirikiana na Nitroplus, kampuni ambayo Urobuchi alikuwa akiiandikia hadithi za michezo ya kompyuta. Juzuu ya kwanza ilitoka tarehe 29 Desemba 2006, siku za Comiket, lile soko kubwa la machapisho ya kujitegemea linalofanyika Tokyo, na juzuu ya nne, ambayo ndiyo ya mwisho, ilitoka tarehe 29 Desemba 2007. Mwaka 2011 shirika la Seikaisha liliichapisha upya kwa juzuu sita za ukubwa wa mfukoni.

Kwa kawaida huwekwa katika kundi la riwaya nyepesi, yaani vitabu vifupi vyenye michoro vinavyowalenga zaidi vijana. Mimi naona uainishaji huo unafaa kwa umbo la kitabu kuliko kwa yaliyomo. Wahusika wake wengi ni watu wazima wenye ndoa, madeni ya ukoo na dhamiri zilizochakaa. Hakuna shule, hakuna mzaha wa darasani, na sentensi zake ni nzito, hasa pale mwandishi anapoeleza silaha au taratibu za uchawi.

Je, ni lazima kwanza niijue Fate/stay night?

Fate/stay night ni mchezo wa kompyuta wa kusomwa kama hadithi, ulioandikwa na Kinoko Nasu na kutolewa na Type-Moon tarehe 30 Januari 2004. Fate/Zero inasimulia mambo yaliyotokea miaka kumi kabla ya hapo, katika vita vilivyotangulia vile vya mchezo. Kwa hesabu ya kalenda ya hadithi, Fate/Zero ndiyo ya kwanza, lakini iliandikwa kwa ajili ya wasomaji waliokuwa tayari wanajua nani atakufa na mji utaishia katika hali gani.

Ushauri wangu ni kuanza na Fate/stay night kama unaweza, kwa sababu riwaya hii inafichua siri ambazo mchezo umezihifadhi kwa uangalifu hadi njia yake ya tatu, yaani mkondo wa tatu wa hadithi ambao mchezaji anaweza kuufuata, iitwayo Heaven's Feel. Hata hivyo, watu wengi duniani wameanza na Fate/Zero na wameielewa bila shida. Wanachokikosa ni ile hali ya kumtazama mtu akipanga maisha ya mwanawe huku wewe msomaji ukijua kwamba mpango huo hautatimia. Urobuchi mwenyewe aliandika katika maneno yake ya ziada ya juzuu ya kwanza kwamba alikuwa amefikia mahali pa kushindwa kuzipa hadithi zake mwisho mwema. Hapa alikabidhiwa hadithi ambayo mwisho wake mbaya ulikwisha kupangwa na mtu mwingine, na inaelekea jambo hilo lilimpa uhuru badala ya kumbana.

Vita vya Kikombe Kitakatifu vinaendeshwaje?

Takriban miaka mia mbili kabla ya hadithi kuanza, koo tatu za wachawi, yaani Einzbern wa Ujerumani, Tohsaka wa Japani na Makiri, ambao baadaye walijiita Matou, ziliungana kutengeneza Kikombe Kitakatifu, chombo chenye uwezo wa kutimiza tamanio lolote. Zilipogundua kwamba mshindi anaweza kuwa mmoja tu, muungano ukavunjika papo hapo, na tangu hapo kila baada ya miaka sitini hivi damu imekuwa ikimwagika katika mji wa Fuyuki.

Kikombe huchagua wachawi saba, na kila mmoja huitwa Bwana. Kila Bwana huita roho ya shujaa wa kale, ambaye huitwa Mtumishi, na Mtumishi huyo huingia katika mojawapo ya nafasi saba: Saber mpiga upanga, Archer mpiga mishale, Lancer mwenye mkuki, Rider mpanda vipando, Caster mchawi, Assassin muuaji wa siri na Berserker mwenye wazimu wa vita. Bwana hupewa alama tatu mwilini ambazo kila moja ni amri isiyopingika, na akizimaliza zote hana tena njia ya kumlazimisha Mtumishi wake. Majina halisi ya mashujaa hufichwa, kwa kuwa anayejua hadithi ya shujaa anajua pia alikufaje, na hivyo anajua pa kumpiga.

Kanuni hizi zinaonekana rahisi, lakini zimepangwa kwa ujanja mkubwa. Bwana ni binadamu anayekufa kwa risasi moja, ilhali Mtumishi anaweza kubomoa jengo. Kwa hiyo mtu mwenye akili hashindani na Mtumishi, anamwinda Bwana. Karibu kila tendo la aibu ndani ya kitabu linatokana na hesabu hiyo.

Wachawi saba wenyewe ni akina nani?

Kiritsugu Emiya ni muuaji wa kukodiwa aliyeoa katika ukoo wa Einzbern, naye ndiye Bwana wa Saber. Tokiomi Tohsaka, mchawi wa heshima na taratibu za kale, anamwongoza Archer, au tuseme anadhani anamwongoza. Mshirika wake wa siri ni Kirei Kotomine, mtu wa Kanisa, mwenye Assassin. Kayneth El-Melloi Archibald ni mwalimu mwenye cheo katika Mnara wa Saa ulioko London, makao ya elimu ya uchawi, na ana Lancer. Mwanafunzi wake Waver Velvet alimwibia kipande cha joho la kale alichokuwa amekitafuta kwa ajili ya kumwita shujaa, akakimbilia Japani na kumwita Rider. Kariya Matou alikuwa ameukimbia uchawi wa ukoo wake, akarudi kwa ajili ya mtoto mmoja, akaishia kuwa na Berserker. Wa saba ni Ryunosuke Uryu, muuaji wa watu aliyeokota kitabu cha mababu zake ghalani na kumwita Caster bila kujua anachokifanya.

Kati ya hao saba, msomaji mpya humpenda Waver mapema, na sioni sababu ya kumkataza. Ni kijana mwenye kiburi na uwezo mdogo, aliyechekwa mbele ya darasa kwa sababu ya andiko lake lililodai kwamba juhudi zinaweza kushinda ukoo mkongwe. Anakuja vitani kutafuta heshima, na ndiye pekee anayejifunza jambo asilolitarajia.

Kwa nini wachawi hawa hawatumii uwezo wao kutajirika au kutawala?

Kwa sababu lengo la mchawi katika ulimwengu huu halimo duniani. Wanatafuta Chanzo, mahali ambapo kila kitu kilichopo kilianzia, na kazi hiyo haiwezi kumalizwa na kizazi kimoja. Matokeo ya utafiti wa ukoo huchongwa katika mwili kama nembo ya uchawi, na nembo hiyo hurithiwa na mtoto mmoja tu. Mtoto wa pili hubaki na kipaji kisicho na kazi, tena kipaji chenye hatari, kwa kuwa wapo watakaomtaka kwa ajili ya majaribio.

Hapo ndipo ilipo kidonda cha riwaya nzima. Tokiomi ana mabinti wawili wenye vipaji adimu, na anamtoa mdogo, Sakura, alelewe na ukoo wa Matou, akiamini kwa moyo mweupe kwamba amemtendea wema kwa kumpa ukoo utakaokitumia kipaji chake. Hakuuliza namna Wamatou wanavyowafundisha watoto wao. Wanawatia katika shimo la minyoo. Kariya alipojua, akajitoa yeye mwenyewe kwa minyoo hiyo kwa mwaka mmoja, akapoteza afya na sura, ili apigane na kumkomboa. Tokiomi si mkatili, na hilo ndilo linalotisha. Anafuata maadili ya tabaka lake hadi mwisho, na maadili hayo hayana nafasi ya kumtazama mtoto usoni.

Mashujaa wanaoitwa ni watu wa kweli wa historia?

Baadhi yao ndiyo, baadhi ni wa hekaya, na mwandishi amewachanganya bila kujali mpaka huo. Rider ni Iskandar, jina ambalo wasomaji wa Kiswahili wamelizoea kupitia lugha za Mashariki, yaani mfalme wa Makedonia aliyefariki Babeli mwaka 323 kabla ya Kristo. Caster ni Gilles de Rais, mkuu wa jeshi la Ufaransa aliyepigana bega kwa bega na Jeanne d'Arc na kunyongwa Nantes mwaka 1440 kwa mashtaka ya kuua watoto. Archer ni Gilgamesh, mfalme wa Uruk katika nchi ambayo leo ni Iraq, ambaye utenzi wake umehifadhiwa kwenye vibao vya udongo. Lancer ni Diarmuid wa hekaya za Ireland, mtu aliyeangamizwa na uzuri wake na viapo vyake. Saber ni Mfalme Arthur wa Uingereza, ambaye hapa ni mwanamke aliyejificha ndani ya deraya ya kiume. Berserker hubaki bila jina hadi karibu na mwisho, nami sitamtaja.

Assassin anahitaji maelezo zaidi. Katika riwaya, Hassan-i Sabbah ni cheo kilichorithiwa na viongozi wa kundi la wauaji wa siri, na huyu wa vita vya nne, yaani vita vya riwaya hii, ana nafsi nyingi zinazoweza kugawanyika miili. Hassan-i Sabbah wa historia aliitwaa ngome ya Alamut huko Uajemi mwaka 1090, akafariki mwaka 1124, na alikuwa kiongozi wa Waismaili Wanizari, jamii ambayo vizazi vyake vya kiimani wapo hadi leo Dar es Salaam, Mombasa, Nairobi na Kampala. Picha ya wauaji waliolevywa na kuahidiwa bustani ilienezwa na maadui wao pamoja na wasafiri kama Marco Polo, na mwanahistoria Farhad Daftary ameichambua kwa kina na kuonyesha kwamba ni hekaya. Riwaya imechukua hekaya, si historia, na ni vizuri msomaji wa Afrika Mashariki aliyekua jirani na jamaatkhana, nyumba ya ibada ya Waismaili, alijue hilo kabla hajaanza.

Mji wa Fuyuki upo?

Haupo, ni mji wa kubuni. Wachoraji waliutazama mji wa Kobe, na ukilitazama daraja jekundu la Kobe Ohashi utaona mara moja asili ya daraja ambalo mapigano makubwa ya riwaya yanatokea karibu nalo.

Kwa nini inasemwa kuwa ni hadithi ya giza? Je, inafaa kwa mtoto?

Haifai kwa mtoto, na kijana wa sekondari aisome akiwa amejiandaa. Sura za Caster na Ryunosuke zina mauaji ya watoto yanayosimuliwa kwa furaha ya wauaji. Yale ya Sakura yameelezwa kwa kudokezwa zaidi, lakini yanabaki akilini muda mrefu kuliko hayo mengine. Binafsi naona Urobuchi amemtumia Caster kupita kiasi. Ukatili wake unachosha mapema, na jini lake kubwa la mtoni lipo hasa ili mashujaa wengine wapate adui wa pamoja. Giza la kweli la kitabu hiki limo katika mazungumzo ya watu wenye adabu wanaokunywa divai chumbani.

Kiritsugu Emiya ni mtu mwema au mbaya?

Kuanzia hapa siri zinafichuliwa.

Kiritsugu anataka vita vyote vikome duniani, na njia yake ni hesabu: akiweza kuokoa wengi kwa kuua wachache, ataua wachache, hata kama ni watu wake. Alijifunza hivyo utotoni kisiwani Alimango, ambako alishindwa kumuua msichana aliyempenda alipoambukizwa na utafiti wa baba yake, na kisiwa kizima kikaangamia. Baadaye alimpiga risasi baba yake, na baada ya miaka akailipua ndege iliyombeba Natalia, mwanamke aliyemlea, ili abiria waliogeuka kuwa wafu wasifike mjini.

Mbinu zake vitani zinatokana na hapo. Anapotaka kumuua Kayneth, analipua hoteli nzima aliyopanga, baada ya kuhakikisha wageni wametolewa kwa kisingizio cha moto. Baadaye anamtega kwa mkataba wa kichawi: Kayneth anamwamuru Lancer ajiue, na kwa malipo Kiritsugu anaapa kutomdhuru tena yeye wala mchumba wake. Kiapo hakikumtaja msaidizi wake Maiya, ambaye anawamiminia risasi mara tu Lancer anapokwisha kujiua. Lancer anakufa akiwalaani wote, na Saber, aliyekuwa akipigana naye kwa heshima, anabaki akimtazama Bwana wake kama mgeni.

Kumwita mbaya ni rahisi mno. Kosa lake ni kwamba alimtaka Kikombe afanye muujiza huku yeye mwenyewe hajui njia nyingine isipokuwa ile ya kuua. Kikombe kinapomwonyesha meli mbili, moja yenye watu mia tatu na nyingine yenye mia mbili, zote zimetoboka na fundi ni yeye peke yake, anachagua mia tatu na kuwaua mia mbili wanapomzuia. Kisha walionusurika wanagawanyika tena, naye anaendelea kuchagua. Muujiza ungefanywa kwa njia anayoijua yeye, kwa dunia nzima.

Kirei Kotomine naye anatafuta nini?

Hajui, na ndiyo sababu ni adui wa kweli wa Kiritsugu. Amejaribu ibada, mafunzo ya kivita, ndoa na uchawi, na hakuna kilichomfurahisha. Anaposoma habari za Kiritsugu, anadhani amempata mtu mtupu kama yeye aliyepata jibu. Kiritsugu naye akisoma habari za Kirei anaingiwa na hofu, kwa sababu anaona mtu aliyebobea katika kila fani na kuiacha bila kupenda hata moja. Wote wawili wamejenga picha ya mwenzake kutokana na karatasi, na picha zote mbili zina makosa. Hawakutani uso kwa uso hadi mwisho.

Anayemfumbua macho Kirei ni Gilgamesh. Anamwomba achunguze nia za Mabwana wengine, na Kirei anapotoa ripoti, Gilgamesh anamweleza kwamba amezungumza kwa kirefu kuliko ilivyohitajika kuhusu Kariya. Kirei anatambua kwamba mateso ya Kariya yamemvutia, na kwamba kinachompa furaha ni maumivu ya watu wengine. Mazungumzo hayo, nikiyalinganisha na mapigano yote ya juzuu nne, ndiyo bora zaidi. Baada yake Kirei anamuua Tokiomi, mwalimu wake, kwa jambia ambalo Tokiomi amemzawadia dakika chache kabla. Gilgamesh hana pingamizi, maana amekwisha kuambiwa kwamba ili kukifikia Chanzo roho zote saba za Watumishi lazima ziingie Kikombeni, na hivyo Tokiomi alikuwa amehifadhi amri ya mwisho ya kumlazimisha ajiue.

Ni nini kilichoharibu Kikombe?

Katika vita vya tatu Waeinzbern walivunja kanuni na kumwita Mtumishi wa nafasi isiyokuwepo, Avenger, wakimpa jina la Angra Mainyu, roho ya uovu katika dini ya Zoroaster. Aliyekuja alikuwa binadamu wa kawaida ambaye watu wa kijiji chake walimtwisha uovu wote wa dunia. Alikufa mapema, lakini Kikombe kilipoipokea roho yake, kilipokea pia lile tamanio la watu kwamba awe uovu wenyewe. Tangu hapo tamanio lolote hutimizwa kwa maangamizi.

Kiritsugu anapolijua hilo, anatumia amri zake kumlazimisha Saber akivunje Kikombe, jambo ambalo Saber hapewi maelezo yake na hamsamehe. Matope ya Kikombe yanamwagika, mtaa mzima unateketea, na Kiritsugu anatafuta katika majivu hadi anampata mtoto mmoja aliye hai, Shirou, shujaa wa Fate/stay night.

Anime, yaani katuni ya televisheni iliyotokana na riwaya hii, inatofautiana nayo?

Kidogo sana. Studio ya ufotable, chini ya uongozaji wa Ei Aoki na muziki wa Yuki Kajiura, ilitoa vipindi 13 mwishoni mwa mwaka 2011 na vingine 12 kati ya Aprili na Juni 2012. Kipindi cha kwanza ni kirefu maradufu na karibu chote ni watu wakizungumza, jambo linalowakatisha tamaa baadhi ya watazamaji. Riwaya inaeleza mawazo ya Kirei na sababu za kiuchawi kwa undani zaidi, wakati anime inashinda katika karamu ya wafalme, pale Rider, Saber na Gilgamesh wanapokunywa na kubishana kuhusu maana ya kuwa mfalme. Sauti na nyuso zinabeba aibu ya Saber kuliko maandishi, hasa Rider anapomwambia kwamba mfalme anayetaka kuufuta utawala wake amewasaliti waliokufa kwa ajili yake.

Nikimaliza, nisome nini?

Kama hukuianza Fate/stay night, hiyo ndiyo inayofuata, na njia ya Heaven's Feel ndiyo inayoshughulikia hatima ya Sakura. Kama uliipenda sehemu ya Waver, kuna mfululizo wa riwaya wa Makoto Sanda unaomfuata akiwa mtu mzima, mwalimu katika Mnara wa Saa, aliyerithi cheo cha El-Melloi na kuitwa Lord El-Melloi II. Huo una uchunguzi wa kesi za kichawi zaidi ya mapigano, na unamtaka msomaji awe amemaliza Fate/Zero, kwa kuwa huzuni ya Waver kuhusu Rider haielezwi upya humo.